Jumapili Ilikuwa Inawaka

Baba alikuwa bwana mifugo. Miaka yake yote ya kazi aliizunguka Nyakach, uwandani na mlimani, akidunga ng'ombe sindano, akivuta ndama waliokwama, na kugombana na watu waliomwita baada ya kumaliza kujaribu dawa zao zote za majani. Walimwita Daktari. Hakuwa daktari, na zamani alikuwa akiwasahihisha, halafu akachoka. Alipostaafu alirudi nyumbani kwetu, hatua chache kutoka soko la Pap Onditi, akarudi na pikipiki aliyokuwa akiifanyia kazi. Ofisi ilikuwa inaziondoa zile kuukuu, naye akainunua yake mwenyewe, kama mtu anayemkomboa ndugu.

Ilikuwa ya aina ambayo haiuzwi tena. Tangi la bluu lililopauka, injini ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, haina stata ya kubonyeza, ni ya kupiga kiki tu. Vijana wa boda waliucheka moshi wake.  Asubuhi Baba alifungua petroli, akavuta choki, akapiga kiki mara mbili, ikawaka, akaisikiliza kidogo akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaenda zake kwa ng'ombe wa watu. Hata baada ya kustaafu waliendelea kumwita.

Kisha akaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na udongo wetu mweusi ukishalowa hauna urafiki na gurudumu. Aliteleza karibu na daraja, akapasuka mdomo na kuumia goti. Alijikokota hadi nyumbani akiisukuma pikipiki, damu shingoni, na Mama alipomwona akaangusha sufuria.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza, alikuja kutoka Kisumu siku iliyofuata. Anaishi Milimani, kwenye nyumba yenye ua na miti, na ana kazi ya ofisini ambayo sijawahi kuielewa vizuri. Alisimama uani na matope kwenye viatu.

"Baba, hii sasa basi," alisema. "Umri umeenda. Nitatafuta kijana wa boda awe anakupeleka unakotaka."

"Anibebe nyuma kama gunia la omena?"

"Sifanyi mzaha, Baba."

"Na mimi sifanyi. Siku nitakaposhindwa nitajua mwenyewe, na nitaiweka chini mwenyewe. Sitangoja kuambiwa na mtoto."

Kaka alinyamaza. Nimekua naye, namjua. Akinyamaza, watu hudhani amekubali, kumbe ameshaamua. Kabla ya kuondoka alisema kwa upole kwamba angalau usukani uliopinda unyooshwe, akamwita fundi wa pale sokoni, wakaipakia pikipiki kwenye pikapu. Iliporudi ilikuwa imenyooshwa, imeoshwa, hata kiti kimeshonwa upya. Baba alinipigia simu akiwa amefurahi kama mtoto.

"Kaka yako ana maneno mengi," alisema, "lakini ana moyo."

Haikuchukua muda ikaanza kukataa kuwaka.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba pembeni mwa Obunga, hukohuko Kisumu, na kazi yangu ilikuwa kwenye maabara ya shule ya sekondari: kuosha chupa, kupima asidi, kuunganisha nyaya za majaribio kabla ya mwalimu kuingia. Nilikuwa mji mmoja na kaka, lakini kwenye geti lake niliingia tu kukiwa na kikao cha familia. Baba aliponiambia pikipiki imegoma, nilipanda gari alfajiri ya Jumamosi nikaenda. Utotoni ni mimi niliyekuwa nikimshikia tochi na kumpa spana. Kaka hakupenda mikono yake inuke petroli.

Tulikaa chini ya paa la banda, mimi na yeye, gunia likiwa mkeka wetu.

"Injini inataka vitu vitatu," alisema, kama alivyosema zamani. "Mafuta, hewa na cheche. Usifungue kitu kabla hujajua unatafuta nini."

Tulichomoa mpira wa petroli. Petroli ikatoka vizuri. Tulifungua kabureta, tukaiosha, tukapuliza matundu yake madogo kwa mdomo. Tulifungua plagi, ilikuwa imelowa petroli, maana yake mafuta yanafika lakini hayachomwi. Nikaigusisha plagi kwenye chuma cha injini, Baba akapiga kiki. Hakuna cheche. Tukaweka plagi mpya. Hakuna.

"Basi ugonjwa ni wa umeme," Baba alisema, na nikaona amefurahi kidogo, kwa sababu ugonjwa uliokwisha kujulikana ni nusu ya dawa.

Mama alituita tukale. Tuliporudi baada ya chakula, nikapiga kiki nikiwa sijagusa kitu, na plagi ikatoa cheche ya bluu, kali, ikilia tik. Tukairudisha mahali pake. Ikawaka kiki ya kwanza. Baba alicheka mpaka akashika goti lake bovu.

Jumatatu asubuhi alinipigia simu. Imekataa tena.

Ikawa hivyo. Asubuhi anapotaka kutoka haiwaki. Ikifika saa sita, nikiwa nimeshuka kwenye gari na mita ya umeme niliyoazima maabara, inawaka vizuri na mita haionyeshi kosa lolote. Tulidhani ni umande, tukaifunika kwa turubai. Tulidhani ni koili, nikatafuta koili soko la Kibuye kwa mafundi wa spea kuukuu, wiki mbili nzima, kwa sababu za aina ile haziko. Tulifungua swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani tukaisugua kwa msasa. Yule fundi wa sokoni aliitwa, akachuchumaa mbele yake, akaitazama bila kuigusa sana.

"Umeme mimi siujui, Daktari. Hizi za zamani zina tabia zake," alisema. "Zinazeeka kama sisi."

Baba hakupenda neno hilo, lakini alilichukua, nikaona amelichukua.

Jambo moja tu halikueleweka. Jumapili ilikuwa inawaka. Kila Jumapili, bila kukosa, Baba alipiga kiki ikaitika, Mama akakaa nyuma na kitambaa chake cheupe, wakaenda kanisani kwa mwendo wa kobe.

"Hata hii inaijua siku ya Bwana," Baba alisema mara moja, na Mama akacheka, akageuza uso upande.

Sitaeleza juu ya pikipiki tena kwa muda, kwa sababu kilichoharibika miezi ile hakikuwa pikipiki. Baba alianza kujishuku. Mwanzoni alikuwa akirudi bandani kuangalia kama kweli amefungua petroli. Kisha akawa anauliza: "Nilifungua, au nimefikiri nimefungua?" Siku moja akidunga ndama wa jirani alisimama na sindano hewani, akaiangalia chupa ya dawa, akaiweka chini, akasema waende wakamwite kijana yule mwenye duka la dawa za mifugo sokoni. Mezani akawa anamuuliza Mama kama ameshatia chumvi. Alifunga mlango, akarudi kuusukuma kuona kama umefungwa. Mtu aliyejua kwa mkono tu, ndani ya tumbo la ng'ombe, mguu upi ni wa mbele na upi wa nyuma, sasa hakuamini kama amefunga mlango.

"Labda ni mimi," aliniambia Jumamosi moja, tumekaa kwenye gunia letu. "Labda kuna kitu nakosea kila asubuhi na sikioni. Wewe ukifika inawaka. Nyara, binti yangu, niambie ukweli. Unaona nakosea wapi?"

Nilimwambia hakosei popote. Hakuniamini. Na watu nao wakaacha kuja. Mwenye ng'ombe anayekufa hawezi kungoja pikipiki ifikirie. Ukaja wakati zikapita wiki nzima hakuna aliyebisha hodi akisema Daktari, ng'ombe wangu.

Kaka alikuwa akinitumia ujumbe. *Asante kwa kumshughulikia mzee.* Niliujibu kila mara, nikiona ni wema.

Shule zilipofungwa nilienda nyumbani Ijumaa nikalala huko. Asubuhi Baba alikuwa aende mazishini upande wa Katito, rafiki yake wa kazi amefariki. Alivaa suti, akasugua viatu, akaenda bandani. Nilimsikia nikiwa kitandani: kiki, kiki, kiki, na pumzi yake ikipanda. Nilipotoka alikuwa amesimama ameshika usukani, jasho kwenye kola.  Alienda barabarani, akasimamisha boda, akakaa nyuma ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, na suti yake ikapepea wakaondoka.

Nilikaa chini papo hapo. Sikunywa hata chai. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mita mkononi na pikipiki ikiwa bado inakataa.

Kutoka kwenye kile kisanduku cha umeme chini ya tangi kuna waya mmoja unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia ya usukani. Waya ule ukigusana na chuma cha pikipiki, cheche inakufa. Ndivyo injini inavyozimwa. Nilichomoa kabisa swichi ya usukani. Mita ikaendelea kusema waya umegusa chuma. Mahali fulani, basi. Nikaufuata kwa vidole. Karibu na kiti nilikuta utepe mweusi mpya kuliko wa kwingine, umezungushwa vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka. Nikaukata kwa wembe. Ndani ya utepe, penye waya mmoja, palikuwa na miwili.

Wa pili ulipita chini ya kiti, ukatoka nyuma upande wa kushoto, hadi kwenye swichi ndogo kama ile ya taa ya kitandani, imebanwa kwenye chuma mahali ambapo mtu mzima hainami kuangalia, lakini mkono ukipita unaifikia. Ilikuwa imewashwa. Niliibonyeza. Nikasimama, nikapiga kiki mara moja.

Mlio ulijaa uani. Mama akatoka jikoni mbio, unga mikononi. Ninalolikumbuka kuliko yote ni hili: hakunitazama mimi, wala hakutazama barabarani kuona kama Baba amerudi. Alitazama kiti.

Nikazima injini kwa swichi ileile ndogo.

"Mama," nilisema. "Ulijua."

Alifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kaka yako alikuja kuniomba," alisema. "Fundi ndiye aliyeiweka. Mimi niliambiwa tu nibonyeze Jaduong', baba yako, akiwa anajiandaa, halafu niirudishe akishaingia ndani."

"Kwa nini uirudishe?"

"Kaka yako alisema ikikataa moja kwa moja mtaitafuta mpaka mpate. Ikikataa leo na kuwaka kesho, mtachoka."

 Nilifikiria koili ya Kibuye, turubai, msasa, Jumamosi zote zile, na huyu mama yangu akituletea chai pale bandani, akiuliza, "Bado tu?"

"Ulimwona akipoteza akili yake," nilisema. "Ulimsikia akiuliza kama ametia chumvi."

"Bora aulize chumvi akiwa hai." Sauti yake ilipanda. "Wewe hulali hapa. Wewe hujui kusikiliza barabara jioni mpaka masikio yanauma. Ulimwona siku ile na damu? Ni mimi nilimwona."

"Mngemwambia."

"Aliambiwa. Akakataa. Wewe ulikuwapo?"

"Na mimi, Mama? Mimi nilikosa nini, mniache nipige magoti hapo kila wiki?"

Akaniangalia sasa, kwa macho makavu.

"Tangu iharibike umekuwa ukija kila Jumamosi," alisema. "Kabla ya hapo ulikuwa unakuja?"

Akarudi jikoni. Hasira yangu ilikuwa haijaisha, kwa hiyo niliibeba kwa kaka. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama shambani mbali na nyumba. Hakukana. Aliniacha niseme yote, kisha akauliza kama nimemaliza.

"Angekufa barabarani," alisema, "ndugu zake wote wangeniuliza mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa wapi. Hakuna ambaye angekuuliza wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Basi."

Nilimwambia kwamba Baba amekuwa akidhani anarukwa na akili.  Akasema, "Angalau alikuwa anakaa nyumbani," na kwamba ana mgeni, atanipigia baadaye. Hakupiga.

Baba alirudi alasiri, vumbi kwenye suti. Nilikuwa nimefikiria kuung'oa ule waya na kunyamaza, nimwambie tu nimepata kosa. Ingekuwa rahisi. Lakini angeendelea kuamini kwamba mikono yake ndiyo ilikosea. Nikamwita bandani, nikamwonyesha.

Alivaa miwani. Aliinama kwa shida, akaufuata waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akaibonyeza swichi, akaibonyeza tena.

"Imeunganishwa vizuri," alisema. "Huyu fundi alikuwa ananidanganya kwamba hajui umeme." Kisha akauliza, "Ni kaka yako?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekisia bei na kuambiwa ndiyo hiyo. Nilidhani yameishia hapo. Nilitaka yaishie hapo. Lakini alikuwa bado ameshika swichi, na nilimwona akifikiri, kwa ule utaratibu wake wa mafuta, hewa, cheche.

"Kaka yako yuko Milimani," alisema polepole. "Asubuhi mkono wake unafikaje hapa?"

Nikaanza kukusanya spana.

"Jumapili ilikuwa inawaka," akasema.

Kutoka jikoni tulisikia Mama akipasua kuni. Baba aliigeukia ile sauti. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa suti, akaniomba nimletee koleo. Aliukata waya mwenyewe.

Jioni tulikula pamoja sisi watatu. Baba aliomba dua ya chakula kama kawaida. Hakuuliza chumvi. Mama alimwekea samaki mkubwa, naye akala, akashukuru kwa sauti ambayo angeitumia kwa mke wa mtu mwingine. Asubuhi niliamka nikamkuta ameinama mekoni, anajipikia chai.

Tangu siku ile anajipikia. Alinunua kufuli, akaitia kwenye mlango wa banda, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba. Aliendesha pikipiki yake karibu mwaka mzima, na haikukataa hata mara moja. Watu wachache walirudi kumwita, si wote. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, na Mama akatembea kwa miguu na kitambaa chake cheupe, akipitwa barabarani na ule moshi. Wanawake wenzake walimuuliza wamekosana nini. Alisema mgongo wake hautaki tena kurushwa. Ndoa ya miaka mingi, hawakuwahi kupigana, na hata hilo hawakulipigania. Nilitamani wapigane. Nilitamani Baba arushe sahani.

Halafu siku moja, akitoka kwa mtu huko chini mpunga unakolimwa, hakumwona mbuzi aliyefungwa kando ya njia mpaka alipomgonga. Mbuzi hakufa. Baba hakuanguka. Alisimama akamwomba radhi mwenye mbuzi, akaisukuma pikipiki mpaka nyumbani, mwendo mrefu kwenye jua, na wiki hiyohiyo akampelekea katekista wa parokia iwe yake, akamwonyesha jinsi ya kuchanganya oili. Macho yameanza kuona ukungu, alisema. Hakuna aliyemwambia aache. Aliiweka chini mwenyewe, kama alivyosema siku ile uani.

Nilipomweleza kaka, aliguna kwa kuridhika.

"Unaona? Si nilisema?"

Nilikata simu. Sasa tunaonana kwenye mazishi na harusi, tunasalimiana vizuri, watoto wake wananiita shangazi.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Mama amekonda. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za mjini, na tulipokuwa tumekaa watatu sebuleni Baba alichukua tochi yake ili akaangalie kuku, akaibonyeza, haikuwaka. Akaibonyeza tena. Zamani angesema labda sikuizima jana. Sasa aliinua macho akamtazama Mama, ng'ambo ya meza, bila hasira, kama unavyomtazama mtu uliyemkuta mlangoni pako usimjue anataka nini.

"Ni betri tu, Jaduong'," Mama alisema. "Zimeisha. Kweli zimeisha."

 Baba aliifungua tochi, akatoa betri, akazipanga mezani, akachungulia ndani, akapitisha kidole pande zote. Nilimpa betri za redio. Aliziweka, mwanga ukatoka, naye bado akaichungulia kidogo kabla ya kwenda nje. Mama alibaki akiangalia mikono yake. Gari la mwisho la Kisumu lilikuwa karibu kupita, kwa hiyo nikachukua mkoba wangu nikaaga.